Kufungiwa Akaunti na Haki ya Kurejeshewa Fedha katika Michezo ya Mtandaoni

Kufungiwa akaunti ni hatua ambayo kampuni inayoendesha mchezo wa mtandaoni humchukulia mchezaji kwa kumzuia kuingia mchezoni, kwa muda maalumu au maisha, kwa madai kwamba amekiuka masharti aliyoyakubali alipojisajili. Neno "marufuku" halitoshelezi maana hii, kwa kuwa marufuku hupigwa kitu au tendo, kama uvuvi wa baruti, ilhali kinachozungumziwa hapa ni adhabu inayompata mtu. "Kufungiwa" limekwisha kuzoeleka katika habari za kandanda, ambamo mchezaji hufungiwa mechi tatu na kiongozi hufungiwa miaka miwili, na kwa hiyo halihitaji kubuniwa upya.

Hata hivyo, anayefungiwa na shirikisho la kandanda hutajiwa kosa, huelezwa adhabu itaisha lini, na huwa na kamati ya kukatia rufaa. Mchezaji wa mtandaoni mara nyingi hupata ujumbe mfupi usiotaja alichokifanya, uliotumwa na programu inayosaka udanganyifu, kwa mfano matumizi ya zana zinazomwezesha mtu kumwona adui aliye nyuma ya ukuta. Kampuni zina sababu ya kutofichua jinsi zinavyowanasa wadanganyifu, kwani mbinu ikijulikana hukwepwa, lakini kuficha mbinu ni jambo moja na kuficha kosa ni jambo jingine, na hili la pili halina utetezi.

Istilahi ya pili inahitaji uangalifu zaidi. Nchini Tanzania "marejesho" hueleweka kuwa fedha ambazo mkopaji huzirudisha kwa kikundi au taasisi iliyomkopesha, yaani fedha zinazotoka kwa mteja, na kwa sababu hiyo "kurejeshewa fedha" ndiyo istilahi iliyo salama, kwa kuwa umbo lake lenyewe linaonyesha kwamba mnunuzi ndiye anayepokea. Katika duka la Steam, mnunuzi anaweza kuomba kurejeshewa fedha ndani ya siku 14 tangu aliponunua mchezo, ikiwa ameucheza kwa muda usiofika saa 2, lakini akifungiwa na VAC, mfumo wa duka hilo wa kuzuia udanganyifu ulioanza mwaka 2002, hupoteza haki hiyo kwa mchezo husika.

Mzizi wa mgogoro ni kwamba mchezaji huamini amenunua mali, kumbe amelipia leseni, yaani ruhusa ya kutumia ambayo mtoaji anaweza kuiondoa. Sheria ya jimbo la California iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" pale anapotoa leseni tu, isipokuwa amweleze mnunuzi ukweli huo waziwazi. Ni sheria nzuri, ingawa inatibu uelewa wa mnunuzi na si hasara yake.

Hasara yenyewe ilifika mahakamani katika shauri la Bragg dhidi ya Linden Research, lililohusu mwanasheria wa Pennsylvania ambaye akaunti yake katika Second Life, ulimwengu wa kidijitali unaoendeshwa na kampuni hiyo, ilifungwa, pamoja na ardhi ya kidijitali na fedha zilizokuwamo, baada ya kampuni kudai kwamba alinunua kipande cha ardhi hiyo, kwa dola 300, kupitia mwanya usioruhusiwa katika mnada. Mwaka 2007 mahakama ilikataa kumlazimisha aende kwenye usuluhishi kama masharti yalivyotaka, kwa kuwa iliyaona masharti hayo yameegemea mno upande wa kampuni, ambayo ingeweza kufunga akaunti kwa hiari yake yenyewe. Pande hizo zilipatana baadaye, na swali la umiliki likabaki bila hukumu.

Kwa mchezaji aliye Kenya ipo njia isiyotegemea swali hilo la umiliki. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinamtaka anayetoa uamuzi kwa mashine peke yake, ikiwa uamuzi huo unamwathiri mhusika kwa kiasi kikubwa, amjulishe kwa maandishi, na kinampa mhusika haki ya kuomba uamuzi huo ufikiriwe upya au utolewe mwingine usiotegemea mashine pekee. Aliyefungiwa na programu akiwa na fedha ndani ya akaunti yake na aandike kuomba hilo kabla ya kukata tamaa.