Ngome Iliyokwenda Pembeni

Siku nne nililikodolea macho fumbo la sataranji la Frank Healey, lililotungwa kwa mashindano ya Bristol, Uingereza, mwaka 1861. Nyeupe inaanza, imfunge mfalme mweusi kwa hatua 3. Nilimwinda kwa kila kete, nikashindwa. Jibu, ambalo mwishowe nililichungulia kwa aibu, ni ngome kutoka d1 hadi h1. Pembeni kabisa! Yenyewe haitishi chochote. Inapisha njia tu. Malkia anaingia b1, kisha anateleza kwenye mstari uleule hadi g1, na mfalme kwisha. Watunzi wa mafumbo wakaiita mbinu hiyo Bristol. Mimi nilikasirika: ngome ile nilikwishaijaribu kila mahali, isipokuwa pale.