Kumkumbuka Nyanya Yetu

Kadi ya Nyanya ilionyesha alizaliwa tarehe 1 Januari, kama wazee wengi humu Nyarugusu. Siku yenyewe hakuijua. Mimi, mwalimu wa historia, niliitafuta kwa kumuuliza mambo aliyoyaona. Uhuru wa Kongo, 30 Juni 1960, ulimkuta Baraka, kando ya ziwa, ameolewa karibuni. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Mulele, alikimbilia milima ya Fizi, mama yangu akiwa mgongoni. Huko walikula sombe bila chumvi. (Chumvi aliitaja kuliko risasi.)

Mwishoni mwa 1996 vita vilirudi. Tulivuka ziwa Tanganyika usiku kwa boti la wavuvi hadi Kigoma, mimi nikiwa na miaka minane. Nyanya alibeba sufuria moja na jembe, maana alitazamia kurudi kupanda msimu uleule. Mwaka 1997 hata jina la Zaire lilifutwa. Jembe lile alililimia lengalenga nyuma ya nyumba, akabadilisha mpini mara tatu.

Mwaka jana tulimzika hapa kambini. Babu yuko Baraka. Jembe analo mama.