Kutoka Kopo Hadi Gunia: Historia Fupi ya Jiko, Mkaa na Daftari Letu

Katika kijitabu hiki cha miaka 10 mtasoma habari za hisa, mikopo na gawio. Kwenye kurasa hizi tumeona tuandike historia ya kitu ambacho kila mwanachama anacho nyumbani, nacho ni jiko. Msicheke. Pesa ya mwanamke wa mtaa wetu, kabla haijafika kwenye sanduku, inapita kwanza jikoni. Mara nyingi inaishia huko huko.

Tuanze na mama zetu. Wao walikuwa wapimaji kuliko sisi. Mchele ulipimwa kwa kibaba na pishi, mafuta ya taa kwa chupa, maji kwa debe. Sisi tuliozaliwa miaka ya 60 mwishoni na 70 tunakumbuka shida ya miaka ya 80 mwanzoni, baada ya vita vya Kagera, bidhaa zilipokuwa adimu. Tulipanga foleni ya sabuni, ya sukari, ya mafuta ya taa. Wakati ule hakuna kitu kilichotupwa. Kanga iliyochakaa ilikuwa nepi, ikichakaa zaidi ikawa kitambaa cha kushikia sufuria. Sokoni tulikwenda na kikapu cha ukindu. Hakuna aliyetuambia tunatunza mazingira. Tulikuwa tunatunza kidogo tulichonacho, basi.

Serikali nayo ilifundisha. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakusanyika kusikiliza redio na kujadiliana. Mwaka 1980 ikaja kampeni ya Misitu ni Mali. Jirani zetu Kenya walishaanza: tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement. Mama yule alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akafariki mwaka 2011. Tunamtaja kwa sababu alianza na wanawake wa kawaida wenye shida ya kawaida, yaani kuni na maji.

Sasa tuje kwenye mkaa. Kijijini watu wanapika kwa kuni, nyingine wanaziokota. Mjini kuni ni taabu, nyumba zimebanana na moshi unagombanisha majirani. Kwa hiyo Dar es Salaam ilipokua, mkaa nao ukakua. Sisi tunaokaa upande wa Gongo la Mboto na Pugu tumeyaona kwa macho. Magunia yalikuwa yakitoka karibu, baadaye yakawa yanatoka mbali zaidi. Wataalamu waliochunguza misitu kuzunguka jiji kati ya mwaka 1991 na 2005 walikuta eneo la uchomaji mkaa linasogea mbali na mji takribani kilometa 2 kila mwaka. Ukipiga hesabu ya miaka hiyo 14 ni kama kilometa 28. Msitu umesogea namna hiyo bila kelele, na nauli ya kuufuata tunailipa sisi kwenye bei ya kopo.

Kitu ambacho wengi wetu hatukukijua ni hiki. Mkaa si kuni zilizokaushwa tu. Mchomaji anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anawasha, na sehemu kubwa ya mti inapotea humo humo kwenye tanuri kwa moshi na joto. Kwa tanuri la udongo la kawaida, kilo 1 ya mkaa inahitaji kilo 5 hadi 10 za kuni. Chukua familia inayomaliza kilo 50 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilo 600. Basi kuni zilizoteketea kwa ajili ya familia ile moja ni kati ya tani 3 na tani 6. Hesabu hii tuliifanya kwenye mkutano kwa chaki, ubaoni, na watu wakanyamaza.

Hapo ndipo daftari lilipoingia. Utaratibu wetu wa sanduku lenye kufuli tatu na kuandika kila shilingi mbele ya wanachama hatukuubuni sisi. Ulianza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, ukasambaa hadi ukafika kwetu. Kitu tulichojifunza kwenye sanduku ni kwamba pesa isiyoandikwa haionekani. Mwaka 2018 mmoja wetu akauliza: kama hisa tunaziandika, mbona mkaa hatuuandiki? Na kweli, wengi tulikuwa tunanunua kwa kopo, asubuhi moja na jioni moja. Ukimuuliza mtu anatumia mkaa kiasi gani kwa mwezi anajibu, "Aah, wa kawaida tu." Wa kawaida ndio kiasi gani?

Tukakubaliana hivi. Kila nyumba iwe na daftari. Andika tarehe, kipimo (kopo, sado, debe au gunia), bei, na idadi ya watu waliokula. Kwa kuwa kopo la muuzaji huyu si sawa na la yule, tukaazima mizani ya kuning'iniza tukapima kilo. Mwisho wa mwezi, chukua kilo zote, gawanya kwa siku, halafu gawanya kwa watu. Hicho ndicho kipimo cha nyumba yako. Si cha kushindana na jirani, maana mwenye kuuza maharage ya kuchemsha hawezi kulingana na mwenye watoto wawili. Unajilinganisha na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita.

Si wote waliokubali mara moja. Mwenzetu mmoja alisimama akasema maneno ambayo ni lazima tuyaandike, maana yalikuwa na haki. Alisema: "Sisi masikini tunachafua nini? Wanaochafua ni wenye magari matatu na viwanda. Kwa nini tupimwe sisi?" Tukatafuta jibu la kweli. Ni kweli dunia imepimwa. Miaka ya 90, William Rees na Mathis Wackernagel huko Canada walitoa hesabu ya unyayo, yaani ardhi kiasi gani inahitajika kumtunza mtu mmoja kwa chakula, kuni, nyumba na safari zake. Unyayo wa Mtanzania ni mdogo sana ukilinganisha na wa Mmarekani. Kwa hewa ya kaboni itokanayo na mafuta na makaa ya mawe, Mmarekani mmoja anatoa zaidi ya tani 13 kwa mwaka, na Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Kwa hiyo mwenzetu hakusema uongo.

Lakini tukajibiana hivi. Hatupimi ili tulipe deni la tajiri. Tunapima kwa sababu mkaa ule unatoka kwenye pochi zetu, moshi unaingia kwenye vifua vyetu, na msitu unaokwisha ni ule unaotuletea mvua na kulinda vijito vyetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Hao si matajiri. Wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto wanaokaa karibu na moto. Yule mwenzetu akasema sawa, nipeni daftari.

Baada ya kupima tukaanza kupunguza, na hapa tunataja yale tu yaliyotufaa.

Kwanza ni jiko lenyewe. Jiko la bati tupu linapoteza joto pembeni. Jiko la kauri, lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lilienea Kenya miaka ya 80, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa nishati mpya uliofanyika Nairobi mwaka 1981. Mfano wake ulitoka kwa majiko ya ndoo ya Thailand, mafundi wa jua kali wakalirekebisha. Linaweza kupunguza mkaa kwa asilimia 30 hadi 50. Huku kwetu shirika la TaTEDO, lililoanzishwa mwaka 1990, limefundisha mafundi wengi. Sisi tulitoa mkopo mdogo wa jiko bila riba, mwanachama akalipa kwa pesa ile ile aliyookoa kwenye mkaa.

Pili ni mazoea. Maharage yalowekwe usiku. Sufuria ifunikwe. Yakishachemka punguza moto, maana maji yanayochemka hayazidi kuwa ya moto hata ukichochea vipi, unapoteza mkaa tu. Ukimaliza kupika, mkaa uliobaki utie kwenye bati lenye kifuniko uzimike, kesho unawashia. Na jamani, mkaa hauna moshi mwingi lakini una hewa ya sumu isiyo na harufu. Usilale na jiko la moto ndani ya nyumba iliyofungwa.

Tatu ni kununua. Tukaacha kopo, tukawa tunachanga watu wanne wanne kununua gunia. Kilo moja ikawa rahisi, na kwa sababu gunia linaonekana likipungua, mkono wenyewe unajizuia. Nyumba zilizokuwa zinamaliza gunia kwa wiki tatu, nyingi sasa linavuka mwezi.

Lilibaki jambo gumu. Mmoja wetu anauza mkaa, na mtaji wake ulitoka kwenye sanduku hili. Tukipunguza sisi, yeye anakula nini? Hatukumtoa wala kumsema vibaya. Tulikaa naye. Leo kwenye kibanda chake anauza pia majiko ya kauri, na mkaa bado upo. Mabadiliko yanayomwacha mwenzako na njaa hayadumu.

Mambo ya nchi nayo yamesogea. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, tukarudi kwenye vikapu vya mama zetu, na wawili kati yetu wakapata kazi ya kuvisuka. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Wengi wetu sasa tuna mtungi wa gesi. Tuseme ukweli: gesi ikiisha katikati ya mwezi, tunarudi kwenye mkaa. Wachache wana sufuria ya presha ya umeme, na wameona kwenye LUKU kwamba maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja. Kwa hiyo daftari linaendelea, sasa lina safu tatu: mkaa, gesi, umeme.

Ndugu zetu, kwa miaka 10 inayokuja tunaomba kila mwanachama mpya, siku anayopewa kitabu cha hisa, apewe pia daftari la jiko. Na wafadhili wetu wa hapa mtaani, mkitaka kutuunga mkono, mizani ile bado ni ya kuazima. Tunahitaji ya kwetu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo tulivyojaza sanduku, na mkaa nao tunaupunguza hivyo hivyo, haba na haba.