Karibu, starehe, asante: maneno ya adabu wakati wa kula

Katika lugha kadhaa, anayemkuta mwenziwe akila ndiye atoaye neno la heri. Mfaransa, kwa mfano, humtakia mlaji hamu njema ya chakula. Katika Kiswahili mwelekeo ni kinyume: neno hutoka kwa mlaji. Aliye na chakula mbele yake ndiye humwambia anayefika, au hata anayepita tu, "Karibu". Kwa sababu hiyo maneno kama "furahia mlo wako", yasomwayo siku hizi katika matangazo na orodha za vyakula vya hoteli, yana sarufi isiyo na kasoro lakini hayana pa kukaa katika mazungumzo. Mwenye kuambiwa hivyo hajui ajibu nini.

*Karibu* ina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni "si mbali". Ingawa si kitenzi cha Kibantu, hupokea *-ni* ya wingi kama kitenzi cha kuamuru: karibu (mmoja), karibuni (wengi). Wako wasahihishaji wanaoikataa "karibu chakula" na kutaka "karibu kwenye chakula". Pingamizi hilo ni dhaifu, kwani "karibu chai" na "karibu nyumbani" zimeundwa kwa namna iyo hiyo na hakuna anayezilalamikia. Katika maandishi rasmi "karibuni mezani" hufaa, mradi meza iwepo; *meza* ni neno la Kireno, na karamu nyingi za pwani huliwa mkekani au jamvini. Ndiyo maana "adabu za kula" ni usemi mpana kuliko "adabu za mezani", ambao huelekea zaidi kwenye kisu na uma.

Asiyekusudia kula hujibu "Starehe". Neno hili nalo limetoka katika Kiarabu, katika maana ya kupumzika, na hapa humtaka mlaji atulie alipo, asijisumbue. Ndilo lile lile aambiwalo mtu anayetaka kuinuka ili kumpisha mgeni. Kwa mkubwa huongezwa jina la heshima: "Starehe, mzee", "Starehe, bibi". Bara jibu hili halisikiki sana. Wengi husema "Asante, nishakaribia" au "Asante, endeleeni".

Ugumu uko katika *asante*. Ikisemwa peke yake baada ya "karibu", kwa kawaida hufahamika kuwa ni kukataa kwa upole. Mwenye kukubali hakubali kwa neno hilo tu: husema "haya", huvua viatu, hukaa. Mgeni wa lugha asemaye "asante" kwa furaha, kisha akabaki amesimama akingoja sahani, huweza kuondoka na njaa bila yeyote kumnyima.

Je, kila "karibu" ni mwaliko wa kweli? Si kila moja. "Karibu" inayotamkwa mara moja kwa mpita njia iko jirani na salamu, na jibu lake ni "starehe" na kuendelea na safari. Mwaliko hutambulika kwa kurudiwa, kwa kutajwa jina la anayeitwa, na zaidi kwa vitendo: walaji husogea, birika la maji huletwa, mtoto huitwa amnawishe mgeni. Hapo kukataa tena na tena huonekana ni kudharau chakula cha watu, na tonge moja la heshima hutosha kuondoa lawama. Mwenyeji huweza kumtania aliyefika wakati huo kwamba mama mkwe wake anampenda. Lakini afikaye kila siku saa ya chakula huitwa *doezi*, kutokana na kitenzi *kudoea*, na mlaji asiyesema "karibu" kabisa huitwa *mchoyo*. Adabu ya neno hili imo katikati ya majina hayo mawili.

Walioketi kwenye sinia moja wana msamiati wao. Mkono hutajwa na lugha yenyewe: *kulia* ni *kula* katika kauli ya kutendea, hivyo "mkono wa kulia" ni mkono wa kulia chakula. Kila mmoja humega *tonge* upande unaomwelekea, wala havuki kwenda kwa jirani. Mafundisho ya Kiislamu yamelikazia jambo hili pamoja na kuanza kwa Bismillahi. *Kitoweo*, hasa nyama iliyowekwa katikati, husubiri mkubwa aigawe. Anayeidokoa mapema huambiwa ana *uroho*. Anayejaza kinywa *anabugia*. Anayekula kwa pupa kana kwamba atanyang'anywa *anafakamia*. Vitenzi hivi viwili vya mwisho havifai kusemwa kwa mgeni hata kwa mzaha, ijapokuwa watoto huvisikia kila siku.

Mwishoni, anayeshiba kwanza huwa na mtihani mdogo. Mkubwa akiondoa mkono mapema, wadogo nao huona haya kuendelea. Kwa hiyo huchezesha tonge ndogo ndogo mpaka wenziwe watosheke, au huwaambia waziwazi "Endeleeni". Neno la kuagia sinia ni "nimeshiba", ambalo Waislamu wengi hulitanguliza kwa "Alhamdulillahi". "Nimemaliza" hueleza hali ya sahani tu. "Nimeshiba" humfikia aliyepika.