Nyumba za Kulia katika Ufukwe wa Bukoba na Muleba

Historia ya nchi huandikwa aghalabu kwa majina ya watawala, kwa vita na kwa majengo ya serikali. Ni nadra kuandikwa kwa vyakula vilivyouzwa njiani na bandarini. Walakini mahali anapokula msafiri kwa fedha yake pana habari nyingi zisizopatikana katika majalada ya ofisi: nani alipita, alitoka wapi, na nchi ilikuwa na nini cha kumpa. Ufukwe wa magharibi wa Ziwa Victoria, kuanzia mji wa Bukoba kwenda kusini hata mialo na visiwa vya Muleba, ni mfano mwema wa jambo hili. Mahali wanapopapenda watu kula katika ufukwe huo, pawe mgahawa wa bandarini, banda la sokoni au meko ya mwaloni, pamezaliwa na mambo mawili: biashara iliyoleta wageni wengi, na ziwa lililotoa samaki. Biashara ingaliko. Samaki wamo mashakani.

Kabla ya ukoloni nchi ya Wahaya iligawanyika katika tawala kadha, miongoni mwao Kiziba, Kyamtwara, Kianja na Ihangiro. Nyumba ilisimama katikati ya kibanja chake, na migomba iliizunguka pande zote. Katika nchi kama hiyo mgeni hakutafuta nyumba ya kununua chakula, alitafuta mwenyeji. Alipoketi alipewa buni za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune. Heshima ya buni hizo ilikuwa kubwa, kwa kuwa waliofanya udugu wa damu waliufunga kwa kahawa iyo hiyo. Kisha zilikuja ndizi zilizopikwa kwa maharage, au kwa samaki pale ziwa lilipokuwa karibu, na rubisi ya ndizi ya kuteremshia. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukarimu wa namna hii ulikuwa na mpaka wake: uliweza kumpokea mgeni mmoja au kumi, lakini haukuweza kuipokea meli nzima.

Meli zilikuja. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli za moshi zikauunganisha ufukwe wote wa ziwa na bahari. Kahawa, iliyokuwa tunda la heshima, ikawa bidhaa ya kupimwa kwa magunia. Wachukuzi, makarani, mabaharia na wafanyabiashara wa Kiswahili, wa Kihindi na wa Kiarabu walikutana mjini, na wengi wao hawakuwa na jamaa wa kuwapikia. Ndipo chai ya maziwa, maandazi, chapati na pilau vilipopata nafasi kando ya ndizi na maharage. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilipoanzishwa Bukoba mwaka 1950, na meli ya Victoria ilipoanza kazi mwaka 1961, shughuli za bandarini zilizidi kukua. Meli hiyo ilisafiri usiku kutoka Mwanza, na asubuhi abiria walishuka Bukoba wakiwa na njaa. Mama aliyechemsha maji kabla ya honi kulia ndiye aliyepata wateja.

Riziki ya ufukwe iliyotegemea meli ilipatwa na misiba ya meli pia. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa, wengi wao wakiwa watu wa nchi hii hii. Meli ya Victoria nayo ilisimama kwa miaka kadha, ikarejea safarini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa.

Lakini wajuzi wa chakula hawaishii bandarini. Huenda mwaloni, kama vile Nyamukazi upande wa Bukoba, au katika visiwa vya Muleba kama Bumbire, Ikuza na Goziba. Hapo hapana orodha ya vyakula ukutani. Sato huletwa na mtumbwi, hupasuliwa na kuchanjwa ubavuni ili chumvi na moto viingie, huchomwa juu ya makaa, na huliwa kwa ndizi za kuchemsha au ugali. Dagaa hukaangwa mpaka wakakauka. Utamu wa mahali hapa hautoki katika viungo vingi. Unatoka katika ufupi wa safari baina ya wavu na sufuria.

Safari hiyo fupi ndiyo iliyovurugwa. Nyavu za makila zililetwa ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, na mtaalamu Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, tayari aliona kwamba sato wa asili wanapungua, akashauri matundu ya nyavu yasiwe madogo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara alipandikizwa ziwani. Katika miaka ya 1980 akaongezeka mno, na jamii nyingi za furu zikatoweka. Viwanda vikafunguliwa kandokando ya ziwa, na minofu ya sangara ikapelekwa Ulaya kwa ndege.

Hispania ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Nchi hiyo nayo ina ufukwe wa jua unaosifiwa kwa vyakula: huko Málaga dagaa wakubwa wa bahari huchomekwa katika vijiti na kuchomwa mchangani kando ya moto, na wasafiri huja kutoka mbali kuwala. Basi mla wa Hispania alikuwa na samaki wa pwani yake na mnofu wa ziwa la wengine, hali maskini wengi wa kandokando ya Victoria walinunua mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki kiwandani. Kati ya mwaka 1997 na 1999 nchi za Ulaya, Hispania ikiwamo, zilizuia samaki wa ziwa hili mara kadha kwa sababu za afya. Wavuvi walikosa soko mara moja. Ikadhihirika kuwa bei ya samaki wa Muleba ilikuwa ikiamuliwa mbali sana na Muleba.

Kibanja nacho hakikusalimika: ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa Kagera mwaka 2006. Senene peke yao, wanapofika kwa mvua za Novemba na kunaswa kwa taa na mabati, bado huliwa kwanza na wenyeji kabla ya kusafirishwa kwenda miji mingine.

Hapana busara kulilaumu soko, maana ndilo lililozaa nyumba za kulia zenyewe. Lawama iko katika kuuza mpaka kilicho cha mezani. Ukarimu wa kale ulimpa mgeni kile ambacho mwenyeji mwenyewe alikula. Sato akiwa wa wageni tu, na mifupa ikawa ya wenyeji, meko ya mwaloni itabaki na moto, lakini haitakuwa tena meko ya Wahaya.