Pengo la Fuvu Katika Nchi ya Wakuria

Lugha yetu husema kwamba mfupa uliovunjika "huunga". Neno hilo lina busara ndani yake, maana kuunga ni kazi ya ncha mbili zinazokutana. Mganga wa viungo wa Tarime au Serengeti, afungapo mguu kwa vijiti na kamba, hafanyi mfupa. Huzifanya ncha zikae pamoja, na mwili humaliza kazi iliyobaki. Lakini yako majeraha yasiyo na ncha za kukutana. Kipande cha mfupa kimeondoka, pamebaki pengo, na hapo neno letu halina la kusema.

Pengo hilo lina historia ndefu katika nchi hii. Wakuria, ambao mpaka uliochorwa baina ya Waingereza na Wadachi uliwagawa pande mbili, na jirani zao Wagusii wa Kenya, walikuwa na wapasuaji wa kichwa. Kwa Wagusii, ambao habari zao ndizo zilizoandikwa zaidi, mpasuaji huitwa omobari omotwe. Mtu aliyepigwa kichwani, akasumbuliwa na maumivu yasiyokoma, alipelekwa kwake. Mpasuaji aliichana ngozi, akaukwangua mfupa kidogo kidogo, akichunga sana asiutoboe utando unaofunika ubongo, kisha akairudisha ngozi mahali pake na kutia dawa za miti shamba. J. G. Grounds alizieleza habari hizo katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki mwaka 1958, na Edward Margetts, daktari wa maradhi ya akili aliyepata kufanya kazi Mathari, Nairobi, akaziandika kwa mapana zaidi mwaka 1967.

Wageni wengi walioandika juu ya jambo hili walistaajabu kwamba wagonjwa walipona. Mimi naona kustaajabu kwao kulifunika swali lililo kubwa zaidi. Je, mahali palipotolewa mfupa palikuwaje baadaye? Margetts mwenyewe alitoa habari za mtu mmoja aliyepasuliwa mara nyingi katika miaka kadhaa, hata sehemu kubwa ya paa la fuvu lake ikawa haipo tena, akawa akivaa kofia ya kumkinga. Aliishi; lakini baina ya ubongo wake na tawi la mti, au rungu la adui, hapakuwa na kitu ila ngozi. Katika nchi iliyozoea magomvi ya ng'ombe na mapigano ya koo, hilo si jambo dogo.

Fuvu la mtoto mchanga laweza kulijaza tundu lake. La mtu mzima haliwezi, isipokuwa tundu liwe dogo sana. Sababu yake ni mashindano: nyama ya kovu huota upesi, na mfupa huota polepole; kovu likishatangulia kukaa katika pengo, mfupa hauna tena njia ya kupita. Kwa hiyo tatizo ni kuushikia mfupa nafasi mpaka ufike.

Watu wa nchi nyingine walilihangaikia tatizo hilo hilo. Katika kitabu cha Job van Meekeren, kilichotolewa mwaka 1668, yasimuliwa kwamba Mrusi mmoja alizibwa fuvu kwa mfupa wa mbwa, na kanisa likamkataa mpaka uondolewe. Katika mwaka 1881 William Macewen wa Glasgow alitangaza kwamba ameujenga upya mfupa wa mkono wa mtoto kwa vipande vya mifupa ya wagonjwa wengine. Dreesmann, Mjerumani, alijaza mashimo ya mifupa kwa plasta mwaka 1892. Lakini plasta huyeyuka upesi, mara nyingi kabla mfupa haujawahi kuchukua mahali pake. Madini nayo hayayeyuki kabisa, hukaa mwilini kama mgeni asiyeaga. Kisha mwaka 1965 Marshall Urist akaonyesha kwamba mfupa ulioondolewa chokaa, ukitiwa ndani ya msuli wa mnyama, waweza kuufanya mwili uanze kuumba mfupa mpya hata pasipo na mfupa.

Kutokana na majaribio ya namna hiyo lilikomaa wazo la kiunzi. Mwenye kuijua nyumba ya fito na udongo atalielewa bila taabu. Fito husimamishwa kwanza, udongo ukashikwa nazo hata ukakauka. Baada ya miaka mchwa huzila fito, na mara nyingine ukuta hubaki umesimama. Kiunzi cha mfupa chatakiwa kufanya vivyo hivyo. Huwa na vinyweleo vinavyopitana, ili mishipa ya damu na chembe hai ziingie mpaka ndani. Huwa imara kiasi cha kulizuia kovu. Na huisha kwa mwendo unaolingana na mwendo wa mfupa. Sharti hili la mwisho ndilo gumu. Kikiisha mapema, ukuta huanguka. Kikichelewa, chazuia kile kilichowekwa kukisaidia.

Mwaka 2006 waganga wa Singapore walitangaza kwamba wameziba matundu ya fuvu ya wagonjwa 12 kwa vizibo vya polikaprolaktoni, kitu ambacho mwili hukimaliza polepole katika muda wa miaka. Matundu hayo yalitobolewa ili kutoa damu iliyogandamiza ubongo, kazi isiyo mbali na ile ya omobari omotwe. Picha zilizopigwa baadaye zilionyesha vizibo vimeshikamana na mfupa wa kando.

Hata hivyo, matundu yale yalikuwa madogo, kadiri ya upana wa kidole gumba hivi. Mtu yule wa Margetts asingefaidika nayo. Kwa pengo kubwa la namna yake, hospitali nyingi zisizo na majokofu ya kuhifadhia mifupa hutumia njia nyingine: kipande cha fuvu kilichoondolewa hutiwa chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, akaenda nacho nyumbani, akalala nacho, mpaka uvimbe wa ubongo ushuke na waganga wamwite tena.