Padre wa Mchezo Mmoja na Mrushaji Asiye na Jiwe la Kaburi



Juma hili tunapenda kutafakari juu ya kazi ambayo huenda ikaonekana ngeni kwa wengi wetu, nayo ni kazi ya kutafuta habari za wachezaji wa besiboli wa Marekani walioishi mwanzoni mwa karne ya 20. Mchezo huu, ambao mmoja humrushia mpira mpinzani mwenye gongo, si wa kwetu. Lakini kazi ya kuwatafuta marehemu wake inatuhusu, hasa sisi tunaotunza vitabu vya ubatizo na vya mazishi.

Mwaka 1971 watu 16 walikutana katika mji wa Cooperstown, jimbo la New York, wakaanzisha chama cha kuchunguza historia ya mchezo huo. Watafiti wa namna hii husoma magazeti ya zamani, orodha za sensa, vitabu vya parokia na mawe ya makaburi. Kazi si rahisi, kwa maana wengi walicheza kwa majina ya bandia. Eddie Collins, aliyekuja kuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri kabisa, alianza mwaka 1906 kwa jina la Sullivan, kwa kuwa alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu na hakutaka ijulikane kwamba analipwa.

Tutazame siku moja tu. Tarehe 15 Mei 1912, huko New York, Ty Cobb wa timu ya Detroit alipanda jukwaani akampiga mtazamaji aliyemtukana, mtu ambaye ajali ya kazini ilikwisha kumwondolea mkono mmoja na vidole kadhaa vya mkono wa pili. Cobb akasimamishwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba wenzake waligoma kwa ajili yake, wala hatusomi kwamba kuna aliyegoma kwa ajili ya yule kilema. Mkuu wa ligi akatishia faini ya dola 5,000 kwa kila mchezo ambao Detroit wasingeleta timu. Basi tarehe 18 Mei, mjini Philadelphia, viongozi wa timu wakaokoteza vijana wa mjini, wakawavika sare.

Aliyewekwa kurusha mpira alikuwa Allan Travers, mwenye umri wa miaka 20, mwanafunzi wa chuo cha Wajesuiti cha Mtakatifu Yosefu, ambaye hata katika timu ya chuo chake hakuwa mchezaji bali msaidizi wa meneja. Mbele yake walisimama mabingwa wa mwaka uliotangulia. Walimfunga 24 kwa 2. Hakucheza tena. Alijiunga na Shirika la Yesu, akapewa daraja takatifu la upadre mwaka 1926, akafundisha shuleni hadi uzeeni, akafariki mwaka 1968. Hutajwa kuwa padre Mkatoliki pekee aliyewahi kucheza katika ligi kuu. Mwenzake wa siku ile, Vincent Maney, kwa miaka mingi aliandikwa vitabuni kama mtu mwingine kabisa, aitwaye Meaney. Ni barua aliyomwandikia ndugu yake, akimsimulia mchezo ule, iliyosaidia kumrudishia jina lake. Kosa la herufi chache! Wanaofika katika ofisi ya parokia kutafuta cheti cha ubatizo wanajua uzito wake.

Hata hivyo, hao wote walikuwa wazungu. Katika miaka ile ile aliishi John Donaldson, mzaliwa wa Glasgow, jimbo la Missouri, wa rika la Padre Travers. Yeye alirusha mpira kwa zaidi ya miaka 30. Kwa kuwa alikuwa mweusi, milango ya ligi kuu ilifungwa mbele yake. Alizunguka miji midogo, leo hapa, kesho pale, na habari za ushindi wake zikabaki katika magazeti ya vijiji ambayo hakuna aliyeyakusanya. Alasiri moja ilitosha kumwingiza Travers katika kitabu cha kumbukumbu. Kwa Donaldson miaka 30 haikutosha. Hatumlaumu padre yule, ila mizani iliyotumika haikuwa ya haki.

Watafiti wa kujitolea wamepekua magazeti hayo ukurasa kwa ukurasa, na hadi sasa wamethibitisha michezo zaidi ya 400 aliyoshinda. Mwezi Desemba 2020 ligi kuu ilitangaza kwamba ligi za weusi za miaka ya 1920 hadi 1948 zinahesabiwa nazo kuwa ligi kuu, lakini sehemu kubwa ya kazi ya Donaldson ilifanyika nje ya ligi hizo.

Donaldson alifariki mwaka 1970, akazikwa Burr Oak, karibu na Chicago, pasipo jiwe wala jina. Daktari mmoja wa Illinois, Jeremy Krock, alikuwa akitafuta kaburi la mchezaji mwingine, Jimmie Crutchfield, akalikuta halina alama. Akaanza kuchangisha fedha kwa watafiti wenzake. Kanisa linatufundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma, na Tobiti alilitenda kwa hatari ya maisha yake. Hawa walilikamilisha baada ya miaka mingi kwa dola chache chache. Mwaka 2004 mawe yaliwekwa, la Crutchfield na la Donaldson, majina yakiwa yamechongwa kwa herufi zake zote.